Mtoto Aliyekuja Mgongoni

Jumapili, 3 Februari

Mke wangu wa kwanza na wa kudumu,

Shikamoo Bibi. Huku hatujambo, ila kichwa changu kimejaa mambo, na si homa. Mama anakusalimu, anasema goti lako ulikande kwa maji ya moto na uache kupanda ngazi kuanika sufi juu ya paa. Mke mwenzako, mchumba wangu, naye anakusalimu. Wodini kwao waliletewa feni mpya, na kwa kuwa haikuzunguka hata wiki, niliitwa kuitengeneza. Nikamwona akiwa kazini na sare yake nyeupe, nikarudi nyumbani nimevimba kichwa. Anasema wewe ndiye mke mkubwa, yeye atakaa upande utakaompangia.

Tangu tumzike Babu nimeendelea na duka kama alivyoliacha. Redio zake tatu mbovu bado ziko rafuni, sijapata moyo wa kuzigusa. Wateja wanakuja, wananipa pole, kisha wananipa pasi iliyoungua. Watu walimpenda, Bibi. Ningefurahi ungekuwepo kwenye mazishi, hata kama mliachana zamani, lakini najua goti.

Sasa nikueleze kilichoniondolea usingizi. Baba Mdogo Tai, yule mtoto wa ndugu yake Babu anayevaa tai hata akienda kununua mkaa, alikuja dukani na futi kamba. Hakusalimia. Akapima mlango, akapima kaunta, akapima mpaka ukuta ninaotundika waya. Nikamuuliza kama analishonea duka suti. Akanijibu kwamba amefungua shauri mahakamani, na kwamba nianze kufungasha.

Madai yake ni haya. Babu hakuacha mtoto, kwa hiyo duka na vyumba viwili vya nyuma ni vya mtoto wa ndugu yake, yaani yeye. Na marehemu Baba je? Anasema Baba hakuwa mtoto wa Babu hata kidogo. Eti wewe ulikuja naye mgongoni, umeshamzaa huko ulikotoka na mtu mwingine, Babu akamlea kwa huruma. Mimi basi si mjukuu wa mtu, ni mpangaji tu aliyezoea kukaa bure.

Cheti cha kuzaliwa cha Baba hakipo, alizaliwa nyumbani. Mama yuko tayari kuapa, lakini yeye alimkuta Baba ana ndevu. Waliokuwepo siku hiyo wote wametutangulia isipokuwa wewe. Kwa hiyo kazi ni ndogo: nenda kwa wakili, apa kwamba ulimzaa Baba na kwamba Babu ndiye baba yake, kisha nitumie hiyo hati. Harusi tumeisogeza mbele mpaka tujue tutalala wapi.

Mjukuu wako na mumeo


Ijumaa, 1 Machi

Mume wangu,

Marahaba. Barua yako imenifikia ikiwa na duara la kikombe juu ya bahasha, nadhani mtu wa posta aliigeuza kisahani. Ndiyo maana nimechelewa kujibu, usiseme nimekutupa.

Mimi sijambo. Goti nalo halijambo, ila linajua mvua kabla yangu. Kazi ipo. Wiki iliyopita maharusi walinirudishia godoro, wanasema limeinama upande mmoja. Nikalikagua, sufi iko sawasawa kila mahali. Nikamwangalia bwana harusi, nikamwangalia bibi harusi, nikawaambia tatizo haliko kwenye godoro. Huyo bwana ana mwili wa watu wawili na roho ya mtoto mchanga, amenuna hadi leo. Nimewaongezea sufi upande wake.

Mwambie mke mwenzangu nimemshonea mto. Asilale juu yake kabla ya harusi, unaleta usingizi mzito na ninamtaka awe macho akuchunge.

Huyo Tai nilimwogesha mwenyewe alipokuwa mdogo. Alikuwa akilia kila akivuliwa shati. Sasa naona ugonjwa wenyewe haukupona.

Hapa mtaani wameanza kuchimba mtaro, vumbi tupu. Watoto wanapita wakiniita, "Mama Betri, tuazime ndoo," na mimi nawaazima. Hakuna anayejua jina langu jingine huku. Nimelizoea hili, na naona limenikaa kuliko lile nililozaliwa nalo. Baba yako aliitwa Betri kwa sababu tangu anatambaa hakuwahi kuchoka, na mimi ndiye niliyekuwa nachoka kwa niaba yake.

Hilo la kiapo nimelisikia. Tutaliangalia. Mambo ya mahakama hayana haraka.

Bibi yako, Mama Betri


Alhamisi, 14 Machi

Mke wangu,

Shikamoo. Mto tunausubiri. Nilipomsomea mke mwenzako yale ya maharusi na godoro alicheka mpaka wagonjwa wakaamka, na mkuu wa wodi akanifukuza.

Bibi, mambo ya mahakama yana haraka. Shauri limeshatajwa mara moja, na Tai amekuja na shahidi. Ni yule mzee muuza mkaa wa pembeni yetu, aliyekuwepo kabla hata duka halijawa duka. Sikutegemea, maana mzee huyo hunipa mkaa kwa mkopo na kunitania kila asubuhi. Ila ameapishwa na amesema alichokiona: siku ulipofika kwa Babu kwa mara ya kwanza, ulishuka kwenye lori na mtoto mgongoni, mtoto mwenyewe anakaza shingo tayari. Na ndoa yenu ilifungwa baadaye, yeye mwenyewe alikula siku hiyo.

Nilimfuata baadaye nikamuuliza kwa nini ananifanyia hivi. Alinijibu kwa upole kabisa. Akasema, "Mjukuu wangu, wamenishikisha kiapo na wameniuliza nilichoona. Ungetaka niseme alikuja na sanduku?"

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Ni kweli uliingia na Baba mgongoni? Kama ni kweli lazima kuna maelezo, na ninayataka kabla shauri halijaitwa tena. Labda mlishaoana kimyakimya kabla. Labda Babu alikuwa anakuja huko kwenu kukutembelea, na mambo yakatokea kabla ya ndoa. Kama ni hilo, sitakuona vibaya, mimi ni mumeo na nimekusamehe tangu sasa.

Tai amepita tena leo. Hakuwa na futi kamba, alikuja na fundi rangi. Wanabishana kuhusu rangi ya mlango.

Mjukuu wako mwenye roho juu


Jumanne, 9 Aprili

Mume wangu,

Marahaba. Ndani ya bahasha hii kuna kile ulichokuwa unakililia. Nimekwenda kwa wakili. Nilivaa viatu vya kutokea, vikanila kisigino, lakini niliingia pale kama mtu mwenye nyumba zake.

Wakili mwenyewe ni mtu wa heshima, yuko nyuma ya mlango na hatoki. Anayefanya kazi ni karani wake, kijana anayepiga taipu kwa vidole viwili na kuandika kila unachotamka. Nilipokohoa alinyanyua vidole kuniangalia kama hilo nalo liingie. Akaniuliza marehemu ni nani kwangu, nikamwambia. Akaniuliza Betri ni nani kwangu, nikamwambia mimi ni mama yake, ulimwengu mzima unajua. Akaniuliza wewe ni nani kwangu, nikamwambia ilivyo. Nikapiga saini, wakili akatoka, akaniangalia, akapiga muhuri, akarudi ndani.

Umeniuliza maswali mengi kwenye barua yako. Mkono wangu unauma kwa sindano, siwezi kuandika marefu. Mtaro hapa wameuchimba wakauacha wazi, jirani ameingia na baiskeli yake, ametoka salama ila baiskeli haijatoka.

Mwambie mzee muuza mkaa namsalimu.

Mama Betri


Jumamosi, 27 Aprili

Mke wangu,

Shikamoo, na kaa kwanza kabla hujasoma.

Hati yako imesomwa mahakamani kwa sauti. Hakimu ni mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba, hacheki ovyo. Karani akasoma jina lako, umri wako (nimeshangaa, tutaongea), kisha akafika mahali palipoandikwa hivi, nakunukulia neno kwa neno: "Huyu anayeishi katika duka hilo ni mume wangu tangu siku aliyozaliwa, na nilishamwambia asioe mwingine bila kunipa taarifa."

Ukumbi wote ukaangua kicheko. Askari aliyekuwa mlangoni aligeukia ukuta. Wakili wa Tai, mtu mwenye viatu vinavyolia, akasimama na kusema kwa uso mkavu kwamba mdaiwa achague moja: ni mjukuu wa shahidi au ni mume wa shahidi, na kama ni mume, basi ndoa ilifungwa kinyume cha sheria maana bwana alikuwa kwenye nepi. Mimi nilikuwa nimeangalia viatu vyangu. Mke mwenzako alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa, mabega yanamcheza.

Hakimu aliwaacha wacheke mpaka wakaisha. Akasema bibi yake yeye alimwita mke mwenzake mpaka anaingia kaburini, kwa hiyo hilo analielewa, na wakili akae chini. Nikapumua.

Kumbe nilipumua mapema. Akavaa miwani, akasoma tena karatasi yako, taratibu. Akasema, "Humu shahidi anasema yeye ni mama yake. Mama ni neno pana. Mimi mwenyewe nina mama wanne, na aliyenizaa ni mmoja. Hajasema popote kwamba alimzaa." Akaagiza uje mwenyewe, uapishwe mbele yake, Jumatano tarehe 12 Juni.

Nimeichukua hati nikaisoma tena nyumbani. Ni kweli, Bibi. Hujasema. Na barua zako zote nimezitoa nikazisoma, umesema godoro, mtaro, baiskeli, na hilo moja umelipiga chenga kila mara. Unaogopa nini?

Mumeo


Ijumaa, 10 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako. Huyo karani mwenye vidole viwili nimemfuata nikamwambia maneno yake.

Nimefikiri hivi. Nyumba yangu huku ni yangu, hakuna wa kuipima. Chumba cha mbele kinatazama barabara, mtaro wakifukia utapata wateja. Redio zinaharibika kila mahali. Hospitali ipo na wauguzi wanatafutwa. Mwachie Tai hilo duka, apake rangi anayotaka. Njooni nyie wawili mkae hapa, nikifa ni yenu. Hapo hakuna kesi, hakuna kiapo, hakuna wa kuulizwa kitu.

Fikirieni na mke mwenzangu.

Bibi yako


Jumapili, 26 Mei

Bibi,

Shikamoo. Leo sina utani, samahani.

Tumefikiri, na jibu ni hapana. Nakushukuru kwa nyumba, na najua umeitoa kwa moyo mmoja. Lakini hukunielewa, au umejitia hamnazo. Mimi ningeweza kufungua duka chini ya ngazi na maisha yangeenda. Shida ni kwamba Tai sasa anasema mtaani kwamba Baba alikuwa mtoto wa kuokotwa. Anasema kwa sauti, mbele ya wateja. Jana mteja mmoja, mtu mzima, aliniuliza kama ni kweli sina ukoo. Nilikuwa nimeshika redio yake, nusura niiangushe.

Baba hayupo, hawezi kujitetea. Babu alinifundisha kulehemu akiwa amenishika kiganja, na kila mtu aliyeingia dukani alimwambia, "Huyu ni mtoto wa mwanangu." Hakusema mtoto wa huruma. Nikimwachia Tai duka, nimekubali kwamba Babu alikuwa anasema uongo maisha yake yote, na Baba hakuwa mtu wa mtu. Siwezi, Bibi. Hilo haliwezi kunishuka kooni.

Sijui unaficha nini na sitauliza tena. Kama ulimpata Baba kwa mtu mwingine, basi njoo uniambie mimi, nitaacha kulipinga shauri na nitafunga duka siku hiyohiyo. Kama Babu ndiye baba yake, njoo useme. Tiketi ya basi iko ndani ya bahasha. Ni kiti cha dirishani.

Mjukuu wako


Jumapili, 16 Juni

Mjukuu wangu,

Nimefika salama. Nilikukosea adabu, najua. Nilitoka kwa hakimu nikapita mbele yako pale kwenye benchi kama mtu asiyekujua, nikaenda moja kwa moja kituo cha basi. Niliogopa ukinisemesha nitalia mbele ya muuza mkaa, na yule mzee ana mdomo.

Hakimu aliwatoa nje nyie mliosubiri kuapishwa, hukusikia nilichosema. Hukumu itakuja kusomwa na sitaki uyasikie kwa karani. Bora uyapate kwangu.

Baba yako sikumzaa mimi. Alimzaa dada yangu mkubwa.

Dada ndiye aliyenifundisha kushona magodoro. Alikuwa mcheshi kunishinda, na alikuwa na mkono mwepesi, sindano yake haikuonekana. Babu yako alimwoa yeye, nyumbani kwetu, watu walishuhudia, na wote sasa wamekufa. Kisha Babu yako akatangulia kwenda kutafuta kazi, akalipata hilo duka, na dada akabaki kwetu mpaka ajifungue ndipo amfuate. Alijifungua salama. Siku chache baadaye homa ikamchukua. Hapo usiniulize zaidi.

Tulimlisha mtoto maziwa ya kopo mpaka akakaza shingo. Ndipo nikamfunga mgongoni, nikapanda lori la magunia, nikampeleka kwa baba yake. Mtaani kwenu hakuna aliyewahi kumwona dada, kwa hiyo waliniona mimi na mtoto wakajumlisha wenyewe. Nilikwenda kumkabidhi tu, nikae mpaka apatikane mlezi. Mlezi hakupatikana, nikakaa mimi. Baadaye tukaoana, na tuliishi vizuri mpaka redio zake zikanishinda. Unajua mwenyewe, alikuwa akizijaribu zote kwa pamoja, kila moja na kituo chake. Tulipoachana hatukugombana, alinibebea mizigo hadi kituoni.

Baba yako alijua. Tulimwambia alipoanza kunyoa. Nililia siku nzima kabla ya kumwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Sawa Mama. Kuna chakula?" Hakulirudia tena.

Yeye nilikuwa na ujasiri wa kumwambia kwa sababu nilimlea, mikono yangu alikuwa anaijua. Wewe nimekupata kwa likizo na kwa barua. Niliona kati yangu na wewe kuna uzi mmoja tu, na uzi huo ni kwamba nilimzaa baba yako. Nikiukata nitabaki kikongwe fulani anayekuandikia habari za magodoro. Ndiyo maana nilikupa nyumba. Nilitaka kukununua, mjukuu wangu, na nakuomba radhi.

Tumbo langu halikushika kamwe. Neno hilo sikuwahi kulitamka mpaka Jumatano. Hakimu aliniuliza, "Ulimzaa wewe?" Nikamwambia, "Hapana. Sijazaa mtu." Tai alikuwa pale. Wakili mwenye viatu alikuwa pale. Nikaona nimevuliwa nguo mbele yao. Kisha nikayasema yote, na nikasema Babu yako ndiye baba yake, kwa dada yangu, kwa ndoa, na hilo naliapia mbele ya yeyote.

Nilipotoka nje mtoto mmoja barabarani aliniita "bibi" anipishe njia, na nikashindwa kuitika.

Ukiandika, sijui utaianzaje barua. Ianze unavyoona ni haki.

Mimi


Jumamosi, 20 Julai

Mke wangu wa kwanza na wa kudumu,

Shikamoo. Barua yako imezurura sana, imenifikia Jumatano nikiwa nimeinama ndani ya feni ya mtu. Nikakaa chini palepale, nikaisoma, nikamwambia mwenye feni arudi kesho.

Nimekasirika, acha nianze na hilo. Nimekasirika kwamba ulikuja na basi usiku kucha na goti lile, ukavuliwa nguo mbele ya Tai, kisha ukarudi peke yako bila hata kunywa maji kwangu. Uliniona mimi mtu wa namna gani? Haya, nimemaliza. Mke mwenzako ananiambia niandike kwamba yeye amekasirika zaidi, na kwamba amelia akiwa zamu.

Sasa nikupe ambayo hukuyaona, maana ulikimbia mapema.

Ulipotoka, niliitwa ndani nikasema yangu machache, nikaruhusiwa kukaa. Hakimu akaamuru muuza mkaa aitwe tena. Wakili wa Tai akasema mzee huyo alishamaliza ushahidi wake. Hakimu akamjibu kwamba aliulizwa alichokiona, hakuulizwa alichokisikia. Mzee akaingia na kofia mkononi. Hakimu akamuuliza siku ile mama yule aliposhuka kwenye lori, fundi redio alimpokeaje.

Mzee akasema, "Alimpokea mtoto kabla ya mzigo. Kisha akamwambia, 'Pole na safari, shemeji.'"

Hakimu akainua kichwa. "Alimwita nani?"

"Shemeji. Na hakuacha. Mpaka siku ya ndoa alikuwa anamwita shemeji, na hata baada ya ndoa alikuwa akisahau, anamwita hivyo akiwa ndani ya duka. Mtaa mzima tulikuwa tunavunjika mbavu. Tulidhani ni utani wake."

Bibi, ukumbi haukucheka. Tai kwa mara ya kwanza tangu nimjue alilegeza tai. Shahidi wake mwenyewe, aliyemleta kwa mkono wake, ndiye aliyesema neno hilo. Mwanamke unayetaka kumwoa unamwita shemeji kwa sababu gani, kama hukuwa na mke ambaye huyu ni ndugu yake? Hapo hata mimi nilianza kujumlisha. Kwa hiyo nusu nilikuwa naijua tangu siku ile, nikanyamaza zangu nikingoja uniambie mwenyewe. Nisingekuuliza hata tungezeeka wote.

Hukumu imesomwa jana. Baba ni mtoto halali wa Babu, mimi ni mjukuu wake, duka na vyumba vibaki kwangu. Tai alitoka bila kuniaga, lakini mlango alishaupaka rangi, ya kijani, na kusema kweli umependeza. Muuza mkaa alinishika mkono akaniuliza kama nimemsamehe. Nikamwambia alete mkaa.

Lakini kulikuwa na sentensi moja. Karani alikuwa anasoma mambo ya Baba, akafika mahali panaposema mama yake alifariki siku chache baada ya kujifungua, na kwamba alilelewa na shahidi, ambaye hana mtoto. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. Wakili wangu alinivuta koti. Hakimu akaniuliza kama sijaridhika na kushinda.

Nilimwambia nimeridhika ila kuna kosa mle ndani. Akasema hakuna kosa, hayo shahidi aliyasema mwenyewe kwa kiapo. Nikamwambia kama ni kiapo basi na mimi niapishwe, kwa maana kuna jambo nililishuhudia ambalo hakuna aliyeniuliza. Kisha akamwambia karani aniapishe.

Nikasema, "Baba yangu alipokuwa mahututi hakunitambua mimi, hakumtambua hata mke wake. Alikuwa anaita mama. Aliyeitika ni yule aliyekuja hapa mbele yako, alisafiri siku nzima aje kuitika. Baba akamshika mkono akatulia, na hakuita tena. Mtu aliye katika hali ile hakosei mama yake."

Nikakaa. Hakimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akamwambia karani arudi kwenye ile sentensi. Yale ya kwamba shahidi hana mtoto yafutwe. Na pale panaposema mama yake, pasahihishwe: mama zake, wawili, mmoja alimzaa na mmoja alimlea.

Karani akauliza kama aandike mama yake.

"Sikusema yake," hakimu akamjibu. "Nimesema zake."

Akaandika, muhuri ukapigwa. Ukitaka kulikataa, Bibi, itabidi ukate rufaa.

Mjukuu wako na mumeo